Dohani ya Thornhope Haibomolewi

Thornhope, Shropshire
9 Machi 1954

Mpwa wangu Avis,

Nakusalimu kutoka huku milimani, ambako upepo wa mwezi huu umeng'oa kofia ya kasisi na kuitupa kwenye zizi la nguruwe. Kasisi mwenyewe mzima. Mimi nimekaza kama msumari kwenye mwaloni, na kile kifua kilichonisumbua Krismasi nilikifukuza kwa vitunguu na bia ya moto. Bi. Pugh wa dukani anakusalimu, anauliza kama huko Leeds mnakula mayai ya kweli au bado ni yale ya unga. Kaburi la mama yako nimelisafisha na maua yake ya njano yameanza kuchomoza.

Sasa nikae sawa nikuambie. Bibi Vennard, mwenye jumba hili, tumemzika. Alikufa kwenye kiti chake mbele ya meko makuu, kikombe cha chai mkononi, na hakumwaga hata tone. Mimi ndiye niliyekitoa kikombe. Mrithi ni yule mtoto wa kaka yake anayeishi kwenye jua huko kusini mwa Ufaransa, ambaye hajakanyaga hapa tangu alipokuwa anavaa kaptura. Mazikoni hakuja. Alichofanya ni kumtuma mwanasheria aniandikie kwamba paa linavuja, kodi imekuwa nzito, jumba livunjwe na kila chenye thamani kiuzwe, na mimi Enos Gwilt, fundi wa jumba, nitoke kwenye vyumba vyangu vya nyuma ya dohani kabla ya mwezi huu kwisha.

Nimemjibu kwamba sitoki.

Wewe umelelewa humu, huhitaji kuelezwa. Lakini watu wa magazeti wamekuja wakaandika kwamba Thornhope ni jumba la mawe la zama za akina Mfalme George. Wamedanganywa na uso. Uso ule wa mawe ni barakoa iliyobandikwa baadaye na tajiri aliyeona aibu. Nyuma yake limo jumba la zamani, la mwaloni na matofali, walilojenga watu wa ukoo wetu, na katikati yake limesimama bomba la moshi ambalo sisi tunaliita dohani kuu. Babu wa babu yangu aliijenga dohani ile kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili alikuwa amemshika fahali. Ni pana hivi kwamba nilipokuwa kijana ndama alipotelea humo wakati wa kupanda, akatoka wakati wa kuvuna, amenona.

Na yale madirisha unayakumbuka. Yule tajiri alitaka upande wa kushoto ufanane na wa kulia kama mizani, na pale ambapo dohani iko nyuma ya ukuta haikuwezekana kutoboa, basi wakachora. Kila masika mimi ndiye huyapaka upya, vioo vyeusi na fremu nyeupe. Mwaka ule nilipomchora mjakazi anayechungulia, tarishi alimpungia mkono mwezi mzima, mwishowe akamletea chokoleti. Bibi akaniamuru nimfute. Niliona uchungu kama nimeua mtu.

Wiki iliyopita alikuja kijana wa mkandarasi. Alisimama mbali kwenye nyasi, akahesabu madirisha kwa kidole, akaandika, akaenda zake bila kuingia ndani. Nilimtazama tu nikavuta kiko changu.

Niandikie upesi, na umsalimu Cyril wako.

Mjomba wako asiyehama,
Enos


Leeds
11 Aprili 1954

Mjomba wangu,

Barua yako niliisoma jikoni nikacheka peke yangu kwa ajili ya kofia ya kasisi, kisha nikalia kwa ajili ya Bibi. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Tupo salama. Mwambie Bi. Pugh mayai ni ya kweli, ila kuku wanaoyataga wanavuta moshi wa viwanda kama sisi.

Nina habari ya kwanza kwako kabla ya mtu yeyote wa huko: Mungu akijalia, mwezi wa tisa utakuwa babu. Sina kichefuchefu tena. Mkunga anasema nipumzike na nisisafiri, kwa hiyo siwezi kuja kukushika mkono na kukutoa mwenyewe, kama ninavyotamani.

Ndiyo, kukutoa. Hapa kwetu kuna chumba cha nyuma. Cyril amekipaka rangi. Kina jua la asubuhi na kina dirisha la kweli, Mjomba, linalofunguka. Una umri wa kupanda ngazi za nyumba, si za paa. Najua Thornhope ni nini. Nililala miguuni pa dohani ile utoto wangu wote na hata sasa naikumbuka harufu yake. Lakini Bibi hayupo, na jumba lisilo na mtu wa kulipenda kwenye karatasi za mwanasheria haliokolewi na fundi mmoja.

Cyril anaendelea vizuri. Ameachana na kaka yake, sasa ana malori yake mwenyewe na jina lake mwenyewe. Anasafiri mara kwa mara. Habari za kazi yake nitakuandikia siku nyingine.

Njoo, tafadhali.

Avis


Thornhope
16 Mei 1954

Mke wa Duckett,

Salamu zako zilifika. Za kwangu ziko njiani, zimekwama kwenye matope. Kuhusu mtoto nitasema huko chini, kwa sababu yeye hajanikosea.

Jumatatu lori la kwanza liliingia kwenye njia ya miti. Mlangoni limeandikwa kwa herufi za njano: DUCKETT, LEEDS. Nikasema moyoni, Leeds ni mji mkubwa, akina Duckett hawakosi kuwa wengi. Ndipo akashuka yeye, na shingoni kafunga tai niliyompa siku ya harusi yenu.

"Habari za asubuhi, Mjomba."

"Mjomba wako yuko Leeds," nikamwambia. "Hapa yupo Gwilt."

"Avis hakukuandikia?"

"Aliniandikia habari za chumba chenye dirisha la kweli."

Akatazama viatu vyake. "Mjomba, nisipolivunja mimi atalivunja mwingine. Mimi angalau nitakubebea vitu vyako mpaka nyumbani."

"Beba vyako kwanza. Lori lako liko juu ya shimo la maji machafu."

Kabla sijafunga mdomo tairi la nyuma likazama. Walishinda wanalivuta. Mimi niliwaletea kiti, nikakikalia.

Sikiliza na hili. Mumeo alikuwa ameshaahidi fremu zote za madirisha ya mbele kwa mjenzi mmoja wa Shrewsbury, kwa hesabu ya yule kijana aliyesimama kwenye nyasi. Mjenzi kaja na gari lake. Mtu akapanda ngazi, akachomeka mtaimbo pembeni ya fremu, mtaimbo ukagonga jiwe ukamrudia puani. Akajaribu dirisha la pili. Nikamwita kutoka chini, "Hayo nilichora mimi, bwana. Lakini chukua tu, ni rangi nzuri." Yule mjenzi alimtazama Cyril kwa macho ambayo sitamwombea mtu yeyote, hata mkwe.

Siku ya tatu walianza dohani ndogo ya jikoni, na humo wakakuta kiatu. Kiatu cha kweli cha kale, cheusi, kimekauka kama nyama ya nguruwe iliyotundikwa moshini. Nyapara wao ni Bwana Sugden, jitu la Yorkshire lenye shingo kama gogo, na yule alipokiona alivua kofia. Fundi yeyote wa nchi hii anajua. Ukijenga dohani unaacha ndani yake kiatu kilichovaliwa, ili baya linaloshuka na njia ya moshi likute mlangoni kuna mtu tayari. Anayekitoa nje ya nyumba anatoka na balaa lake. Sugden akasema, "Kirudisheni," na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili. Kisha wote wakaenda baa na hawakurudi siku hiyo.

Hapo nikapata wazo. Sikuandikii ni wazo gani, kwa sababu unalala na adui.

Kuhusu mtoto: nimefurahi. Nimefurahi mpaka nikampa Bi. Pugh mkono, akashtuka. Kula maini.

Enos Gwilt


Leeds
30 Mei 1954

Mjomba,

Sikukuambia kwa sababu nilijua utaniandikia barua kama hii.

Ni kazi ya kwanza ya Cyril kwa jina lake. Akishindwa kuimaliza kabla ya majani kupukutika, atarudi chini ya kaka yake, anayemwita "kijana" mbele ya wafanyakazi. Si wewe peke yako mwenye jina la kulinda. Na mimi nipo katikati yenu na tumbo hili, kila mmoja wenu ananivuta upande wake.

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli: Cyril anasema unachechemea vibaya. Bi. Pugh kamwambia kwamba mwezi wa pili uliteleza kwenye paa ukizibua mfereji, ukalala kwenye theluji mpaka tarishi alipokukuta. Mjomba, mimi uliniandikia habari za kofia ya kasisi.

Chumba bado kipo.

Avis


Thornhope
4 Julai 1954

Avis wangu,

Haya, tumekasirikiana vya kutosha. Nyama imetoka kwenye mgao, nimekula steki kubwa kama tandiko la farasi, na mtu aliyeshiba hawezi kuendeleza ugomvi na mpwa wake. Kasisi amenunua kofia mpya, mbaya kuliko ya zamani.

Kuhusu paa, wamekudanganya. Sikuteleza. Nilishuka kwa njia ya mkato. Mguu ninauburuta kwa makusudi ili wale vijana wa Cyril wanionee huruma na kunipisha njiani.

Wazo langu naweza kukuambia sasa, kwa kuwa limekwisha kazi. Nilizunguka kijiji chote nikaomba viatu vibovu. Bi. Pugh alinipa buti za marehemu mumewe, na kasisi akanipa jozi ya kuchezea kriketi bila kuuliza. Nikaviloweka, nikavikausha kwenye meko, nikavipaka masizi na mafuta ya kondoo, vikatoka vimezeeka kuliko Biblia. Kila mahali nilipojua watavunja, mimi natangulia. Wakifungua mbao za ngazi, kiatu. Wakiinua sakafu ya ukumbi wa dansi, kiatu. Avis, laiti ungemwona Sugden. Alianza kubisha hodi kwenye kuta kabla ya kuzipiga nyundo. Vijana wawili walifunga mizigo wakarudi kwa mama zao. Cyril akawa anapiga kelele peke yake kama jogoo aliyeachwa sokoni.

"Ni viatu tu, Sugden."

"Ndiyo, bosi. Vitoe wewe, basi."

Hakuvitoa. Nilimwona. Aliunyoosha mkono akaurudisha mfukoni.

Kosa langu ni kwamba viatu viliniishia, na waliobaki kijijini walikuwa wamevaa vyao. Nikachukua gambuti langu la kushoto. Nililipaka masizi vizuri sana, hata mimi mwenyewe niliamini. Sugden akalitoa ukutani kwa ncha za vidole, akalipindua, na kwenye soli mpira umepigwa chapa ya mwaka ambao vita ilianza.

Akanigeukia taratibu. "Bwana Gwilt. Babu wa babu yako alikuwa anavaa gambuti?"

"Alikuwa mtu aliyeona mbali," nikasema.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka, siwezi kukuficha. Lakini mtu akishacheka haogopi tena, na asubuhi yake nyundo zilianza kwa nguvu mpya. Viatu vyote vimekusanywa kwenye gunia. Cyril anasema atakuletea ujionee mjomba wako alivyo.

Jambo moja tu. Siku hiyo nilikwenda dukani kuchukua tumbaku, na nyuma yangu wakapima nguvu ya dohani kuu. Wametoboa ubavuni juu ya meko, wakatoa walichokitoa, kikaingia guniani pamoja na takataka zangu. Sitaki kuandika juu ya hilo.

Sasa nimebeba kiti cha Bibi nikakiweka ndani ya meko yenyewe. Humo ndimo ninamoandikia. Nikiinua macho naona kipande cha mbingu. Wakitaka kuiangusha, waiangushe na kofia yangu ikiwemo.

Enos


Leeds
18 Julai 1954

Mjomba,

Sisi wazima. Mtoto anapiga mateke kama anayetaka kutoka kwa mlango wa pembeni.

Cyril alimwaga gunia lako juu ya magazeti, sakafuni jikoni. Alitaka nicheke, na nilicheka, buti la marehemu Pugh nililijua kwa lile tundu la kidole gumba. Kisha nikaona kiatu kidogo chekundu.

Nilikiokota kabla Cyril hajakigeuza. Mkanda wake una alama za meno yangu. Badala ya bizimu kina kifungo cha shaba cha koti la jeshi la baba, mama alikishona mwenyewe. Masizi yake si ya kupaka. Yameingia mpaka ndani ya nyuzi.

Uliniambia kiliibwa na kunguru. Uliniambia alikiona kinang'aa kwenye kizingiti, akakibeba mpaka kilele cha mnara wa kanisa ili kifaranga wake alalie. Nililia. Kipupwe kile chote nilikwenda shule na viatu vya mtoto wa mchunga kondoo, vimejazwa soksi zako, watoto wakiniita Bata. Nimewachukia kunguru mpaka leo, Mjomba. Nawatupia mawe mwanamke mzima mimi.

Kilifikaje ndani ya dohani kuu? Cyril sijamwambia ni cha nani. Nakuuliza wewe kwanza. Na usiniandikie habari za ndama.

Avis


Thornhope
1 Agosti 1954

Avis,

Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu ya kunguru. Nimeutia motoni.

Ulikuwa na ugonjwa wa koo. Mama yako tulikuwa tumemzika majira yaleyale ya mavuno. Daktari alifunga mkoba wake, akaniambia nimwite kasisi. Nikachukua kiatu kilichokuwa karibu na kitanda, nikatoa matofali ubavuni mwa dohani pale ambapo joto halikatiki, nikakiweka, nikafunga. Nilitaka nyumba ijue wewe ni wake, isikuachie.

Asubuhi uliomba mkate.

Ulipouliza kiatu kiko wapi ningekujibu nini? Ungekidai. Ulikuwa mtoto wa kudai.

Mimi siamini mambo hayo. Ni desturi tu ya mafundi. Lakini kilete hapa kabla ya mwezi wa tisa. Usikiache kwenye sakafu ya Leeds.

Bado nimo kwenye meko. Cyril ananiletea chai. Hatuzungumzi.

E.


Leeds
15 Agosti 1954

Mjomba wangu,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Mimi sijambo na nimefanya jambo.

Cyril alikuja Jumamosi. Nilikiweka kiatu mezani, kati ya buli la chai na mkate wake.

"Hicho ndicho kidogo kuliko vyote," akasema. "Mzee alikiiba kwa mtoto wa nani?"

"Kwangu."

Nikamsomea barua yako. Aliacha kutafuna.

"Avis, ile dohani ndiyo yenye matofali mazuri kuliko yote pale. Nimeshayaahidi."

"Uliahidi na madirisha."

"Huo ni upande wa mjomba wako unaongea."

"Ni upande wangu. Sikia, Cyril. Kazi yako nimeiombea tangu mwanzo na bado naiombea. Chukua mawe, chukua mabati ya risasi ya paa, chukua ngazi na milango. Lakini ukiigusa dohani ile, mtoto huyu atazaliwa Thornhope, ndani ya meko, nami nikiwa kwenye kiti cha Bibi. Mkunga aseme asemalo. Uliza kama natania."

"Wewe ni Gwilt," akasema, kama daktari anayetaja ugonjwa.

"Kwa mama," nikamwambia. "Kula, chai inapoa."

Jumapili yote alikaa na penseli. Hukumu yake ni hii. Uso wa mawe na mabawa mawili vitakwenda. Jumba la zamani la mwaloni na dohani yake vitabaki. Mjenzi aliyeahidiwa matofali atapewa mawe ya uso. Mwanasheria anasema mrithi hajali kitakachobaki, na Bwana Preece, mkulima jirani, yuko tayari kukichukua kiwe ghala la majani makavu, mradi wewe ukae humo umtengenezee na mapaa ya mazizi yake. Cyril atamaliza kwa wakati, na kaka yake atatafuta kijana mwingine wa kumwita kijana.

Uso utakwenda, Mjomba. Kuuokoa sikuweza, na sikutaka uje kulijua hilo kwa sauti ya nyundo.

Kiatu anakuja nacho Cyril mwenyewe. Nimemwambia asikitie guniani. Kirudishe mahali pake. Na usiongeze gambuti.

Avis


Thornhope
7 Novemba 1954

Mama Mercy,

Hilo ndilo jina lako sasa, na mimi ndiye wa kwanza kuliandika. Telegramu ya Cyril niliipata nikiwa juu ya zizi la Preece, nikashuka kwa njia ya mkato tena, safari hii kwa miguu yote miwili. Ulimpa mtoto jina la mama yako bila kuniuliza. Ungeniuliza ningesema ndiyo. Kijiji kizima kimekunywa kwa heshima yake. Kasisi alikunywa zaidi, ile kofia mpya imepotea, na hakuna anayeitafuta.

Nilikaa kimya kwa sababu ya kazi, si kwa sababu nyingine. Siku walizokuwa wanaushusha uso, mimi nilikuwa kwa Preece. Kazi ya Preece ilikuwa nyingi sana siku hizo.

Sasa kila mtu hapa ananisifu kwa jinsi nilivyopanga mambo. Nawaambia ndiyo, nilijua tangu mwezi wa tatu kwamba jumba lilihitaji kuvuliwa barakoa, na kwamba Duckett ndiye angelivua bila kumgharimu mtu. Sugden ananitazama tu. Amebaki na gambuti langu, anasema ni kumbukumbu.

Kiatu kimo mahali pake. Cyril alikileta kimefungwa kwenye kitambaa cha mezani, akakishika kifuani njia nzima, Sugden ndiye kaniambia. Mimi nilipanda, yeye akashika ngazi. Nilipomaliza chokaa akaniomba mwiko. Nikampa, nikashuka, akapanda. Tofali la mwisho kaliweka yeye, na limekaa upande. Kazi ya aibu, mtoto wa shule angeicheka. Nimeliacha vilevile.

Aliposhuka nikamwambia, "Haya, mkwe."

"Haya, Mjomba," akasema. Tukaenda kunywa bia.

Jumba limebaki dogo. Mwaloni umeona jua kwa mara ya kwanza tangu ule uso ulipobandikwa, na wageni wa Jumapili wanasimama njiani na kusema hawakujua. Ila ule ukuta ambapo bawa la mashariki lilikatwa ulibaki mtupu, mbaya kama ubavu wa ng'ombe buchani, na ndio unaotazama njia ya miti. Nikaupiga lipu. Nilipomaliza nikaona lipu tupu haifai, na rangi nyeusi na nyeupe bado ninayo. Bibi hayupo wa kuniamuru nifute.

Nimechora madirisha. Kwenye la katikati umesimama wewe, na Mercy yuko begani. Pua yako nimeipatia, usije ukaleta malalamiko. Ya mtoto nimeikisia kutoka kwenye ile picha uliyonitumia. Preece aliuliza ghala la majani linataka madirisha ya nini. Nikamwambia hili si ghala, ni nyumba inayomhifadhia majani yake.

Tarishi alifika asubuhi ya kwanza rangi ikiwa mbichi, akavua kofia. Mkono wako mmoja nimeuinua, na yeye anadhani unampungia. Mwache. Huyo mrithi akituma mtu mwingine kuja kusimama kwenye nyasi na kuhesabu kwa kidole, atakuta dirishani kuna watu, na atamwona mwanamke amemnyooshea kiganja, anamwambia arudi alikotoka.

Babu wa Mercy,
Enos Gwilt, Thornhope